Kujaribu Linux Mara ya Kwanza kwenye Kompyuta Uliyojiundia: Mwongozo Kamili Bila Kuigusa Windows

Wanaojaribu Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta kama ulivyo Windows, kwa mara ya kwanza hukwama mahali palepale. Kuna anayenakili faili la ISO (lenye mfumo mzima) kwenye flashi kama anavyonakili filamu, kisha anashangaa kompyuta haiioni. Kuna anayefika kwenye skrini nyeusi akadhani ameua kadi ya picha. Na kuna anayeumia kuliko wote: anabofya "Install" siku ya kwanza, anachagua diski isiyo yenyewe, na picha zote za harusi ya dada yake zinaondoka pamoja na Windows.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu aliyeunganisha kompyuta yake mwenyewe, akanunua ubao mama, prosesa, RAM na pawasaplai kimoja kimoja. Labda vingine ni vipya na vingine ni vya mkono wa pili kutoka maduka ya William Street jijini Kampala, au kwa fundi wa Mbarara, Arua au Busia. Mtu huyo anamzidi mwenye laptopu kwa jambo moja kubwa: anajua kufungua kasha na kuchomoa waya. Katika hatua ya mwisho, ujuzi huo ndio utakaoilinda Windows yake.

Tutatumia Linux Mint, toleo la Cinnamon. Menyu yake iko chini kushoto, hivyo aliyezoea Windows hapotei, na inawaka kutoka kwenye flashi bila kuandika chochote kwenye diski. Kama RAM yako ni GB 4 au pungufu, chukua toleo la Xfce, ni jepesi zaidi. Hatua zote ni zilezile.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Flashi ya GB 8 au zaidi. Kila kilichomo kitafutwa.
- Kompyuta yoyote yenye Windows ya kuandalia flashi. Kama uliyoiunda haina mfumo wowote bado, azima ya jirani.
- Data ya GB 4. Faili lenyewe linakaribia GB 3, na utahitaji akiba kidogo.
- Kibodi na kipanya vya waya vya USB. Kibodi ya Bluetooth haifanyi kazi ndani ya BIOS, mipangilio ya ubao mama inayowaka kabla ya Windows.
- Simu ya Android na waya wake wa USB, waya unaopitisha data. Nyaya nyingi za bei rahisi huchaji tu.
- UPS (betri ya akiba umeme ukikatika), kama unaweza kuipata.
- Kwa hatua ya 9 tu: SSD ya pili ya SATA, hata ya GB 120, waya wake wa SATA, na bisibisi ya nyota.

Neno moja kuhusu flashi. Flashi inayouzwa barabarani ikiwa imeandikwa GB 512 kwa bei ya rolex mbili (chapati za mayai) ni ya uongo. Ndani ina GB chache tu, na ukizidisha hapo inakubali faili kisha inaliharibu kimyakimya. Ijaribu kwanza kwa programu ya bure ya Windows iitwayo H2testw, inayoijaza flashi hadi mwisho kisha kusoma kila kitu upya. Ikitoa ujumbe wa makosa, irudishe dukani. Watu wamepoteza siku nzima wakiilaumu Linux kumbe kosa ni la flashi.

## Hatua ya 1: Kagua ulichokiunda

Ndani ya Windows bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika `msinfo32`, bonyeza Enter. Andika kwenye karatasi mambo matatu: jina la ubao mama, kiasi cha RAM, na kinachosomeka mbele ya "BIOS Mode". Kompyuta nyingi za miaka kumi iliyopita zitaonyesha UEFI, namna mpya ya kuwasha kompyuta. Ikionyesha Legacy, namna ya zamani, bado utaweza kuendelea, ila kumbuka hilo utakapofika hatua ya 4.

Kisha angalia waya wa monita umechomekwa wapi. Prosesa za Intel zenye herufi F mwishoni, kama i3-12100F au i5-10400F, hazina uwezo wa picha ndani yake. Ndivyo zilivyo pia Ryzen 5 3600 na Ryzen 5 5600. Ukiwa na moja ya hizo, waya wa HDMI lazima uingie kwenye kadi ya picha. Tundu la HDMI la ubao mama halitatoa kitu.

Kama ubao mama ni wa mkono wa pili, chunguza betri yake ndogo ya mviringo, CR2032. Dalili ya betri iliyokufa ni saa kurudi nyuma miaka kadhaa kila unapochomoa umeme ukutani. Hili linaonekana dogo, lakini Linux ikiwaka na tarehe ya 2015, tovuti nyingi zinaweza kukataa kufunguka, kwa sababu vyeti vyao vya usalama vitaonekana bado havijaanza kutumika. Utahangaika na Wi-Fi ambayo haina kosa lolote. Badilisha betri leo.

## Hatua ya 2: Linda kilichomo

Ruka hatua hii kama kompyuta haina Windows.

Nakili faili unazozipenda kwenye diski ya nje au flashi nyingine. Jaribio lenyewe haligusi diski, lakini mkono wa mtu unaweza kuteleza.

Sasa jambo ambalo wengi hawalijui mpaka limewakuta. Windows 11, hasa ikisakinishwa upya kuanzia toleo la 24H2 kwa akaunti ya Microsoft, inaweza kuifunga diski kwa BitLocker, kufuli la usimbaji la Windows, bila wewe kuomba. Ukibadilisha Secure Boot (ukaguzi wa programu za kuwashia) kwenye BIOS, Windows itakapowaka tena itadai ufunguo wa tarakimu 48, na bila ufunguo huo faili zako hazifunguki. Fungua Command Prompt kama msimamizi, andika:

`manage-bde -status`

Ikionyesha kwamba C: imefungwa kwa usimbaji, andika:

`manage-bde -protectors -get C:`

Nakili tarakimu zote 48 kwenye daftari, au zipige picha kwa simu. Usizihifadhi kwenye diski hiyohiyo, maana ndiyo itakayokuwa imefungwa.

Ukiwa bado hapo, zima usingizi wa Windows:

`powercfg /h off`

Sababu ni kwamba Windows ikizimwa kawaida haizimiki kabisa. Inalala ikiwa imeshikilia diski, na Linux ikiikuta katika hali hiyo inaweza kuzisoma faili zako lakini isikuruhusu kuziandika. Usingizi huohuo wakati mwingine hufanya vitufe vya kuingilia BIOS visiitikie.

## Hatua ya 3: Pakua na uhakiki

Nenda linuxmint.com, chagua toleo jipya kuliko yote. Upya una maana hapa: kiini cha Linux (kernel, sehemu inayoendesha vifaa) kilichotoka kabla ya kadi yako ya picha hakiwezi kuifahamu kadi hiyo. Mint 22.2, kwa mfano, ina kiini 6.14, wakati 22 ya mwanzo ilikuwa na 6.8.

Kama intaneti yako ni ya simu na inakatika mara kwa mara, usitumie kivinjari. Chukua faili la torrent kwenye ukurasa uleule na ulifungue kwa qBittorrent. Mtandao ukikatika itaendelea ilipoishia, na kila kipande hukaguliwa kinapofika. Iache ipakue usiku, bando zilipo nafuu.

Ikimaliza, libadilishe jina liwe `mint.iso`, fungua Command Prompt kwenye folda lilipo, andika:

`certutil -hashfile mint.iso SHA256`

Utapata mstari mrefu wa herufi na tarakimu. Ulinganishe na ule ulio kwenye faili la `sha256sum.txt` katika ukurasa wa kupakulia, herufi kwa herufi. Ikitofautiana hata moja, faili limeharibika. Usijipe moyo kwamba "labda itafanya kazi". Faili bovu huwaka nusu, kisha linaganda katikati, nawe utatafuta kosa kwenye RAM.

## Hatua ya 4: Andika flashi, usinakili

Hapa ndipo wengi zaidi hukwama, kwa hiyo twende taratibu.

ISO ni picha ya diski nzima: sehemu ya kuwashia, mpangilio wa folda, kila kitu. Ukiiburuta tu kwenye flashi, ubao mama unaona faili moja kubwa ambalo haujui kulifanyia nini. Inahitajika programu ya kuifungua na kuipanga kwenye flashi. Kwenye Windows tumia Rufus, ambayo ni ndogo na haihitaji kusakinishwa.

1. Chomoa flashi na diski nyingine zote za nje, ubaki na ile moja tu. Hivyo huwezi kuchagua isiyo yenyewe.
2. Fungua Rufus. Juu kabisa soma jina na ukubwa wa flashi. Je, ndiyo yenyewe?
3. Bofya "SELECT", chagua `mint.iso`.
4. Penye "Partition scheme" chagua GPT kama `msinfo32` ilionyesha UEFI. Ilionyesha Legacy? Chagua MBR.
5. Vingine viache vilivyo. Bofya "START".
6. Itauliza namna ya kuandika. Chagua "ISO Image mode". Ikiomba kupakua faili dogo la ziada, ikubalie.
7. Itaonya kwamba kila kitu kwenye flashi kitafutwa. Kubali.

Kwenye flashi ya USB 2.0 kazi hii inaweza kuchukua dakika 10 hadi 15. Mstari wa kijani ukisimama karibu na mwisho, usichomoe. Windows bado inasukuma data ya mwisho kwenye flashi.

Utajua umefaulu ukifungua flashi na kukuta folda za `casper`, `boot` na `EFI`. Ukikuta faili moja tu la `mint.iso`, ulinakili, hukuandika. Rudia. Kama baadaye kompyuta itaikataa flashi hii ingawa folda zote zipo, rudi hapa uandike upya kwa "DD Image mode". Bao mama nyingine za zamani huikubali hiyo tu. Baada ya DD, Windows inaweza kukuomba ufomati flashi. Kataa, ukifomati umefuta kazi yote.

## Hatua ya 5: BIOS, gusa kidogo

Hapa ushauri wangu ni mfupi: jaribu kuwasha kutoka kwenye flashi (hatua ya 6) kabla ya kubadilisha chochote. Mint inakubaliana na Secure Boot, kwa hiyo mara nyingi huna haja hata ya kuingia.

Ingia tu ukikataliwa. Ujumbe unaojulikana sana ni "Verifying shim SBAT data failed: Security Policy Violation". Ulienea Agosti 2024, baada ya sasisho moja la Windows kuzikataa flashi zilizoandikwa kwa ISO za zamani. Andika flashi upya kwa toleo jipya. Ikikataa tena, bonyeza Del au F2 wakati kompyuta inawaka, tafuta Secure Boot, izime. Ufunguo wako wa BitLocker unao kwenye daftari, sivyo?

Mambo mawili usiyaguse. La kwanza ni hali ya diski za SATA: ukiihamisha kutoka RAID kwenda AHCI, Windows iliyopo itagoma kuwaka na kuonyesha skrini ya bluu. La pili ni kusasisha BIOS yenyewe bila UPS. Umeme ukikatika wakati Linux inaandikwa kwenye flashi, unaanza upya basi. Ukikatika wakati BIOS inaandikwa, ubao mama unaweza usiwake tena, na itabidi umtafute fundi mwenye kifaa cha kuuandika upya.

## Hatua ya 6: Washa kutoka kwenye flashi

Zima kompyuta. Chomeka flashi nyuma, moja kwa moja kwenye ubao mama, na kama kuna tundu jeusi la USB 2.0 litumie hilo. Matundu ya mbele ya kasha hutegemea waya mwembamba ambao waundaji wengi huusukuma kwa haraka, na ukilegea kidogo data inapotea njiani.

Washa, na kuanzia sekunde ileile piga kitufe cha menyu ya kuwashia, tena na tena, usikishikilie. Kwa MSI na ASRock ni F11, Gigabyte ni F12, ASUS ni F8.

Flashi inaweza kuonekana mara mbili: mara moja na neno "UEFI" mbele, mara ya pili bila neno hilo. Kama uliandika GPT, chagua yenye UEFI. Ile nyingine itakurudisha kwenye menyu au kukuacha na kialama kinachomweka.

Menyu ya Mint itatokea. Chagua mstari wa kwanza, unaoanza na "Start Linux Mint". Mstari wenye neno "OEM" uache kabisa, ni wa wauzaji wa kompyuta.

Subiri. Nembo itaonekana na inaweza kukaa dakika mbili au tatu kwenye flashi ya polepole. Taa ya flashi ikimweka, kazi inaendelea.

### Skrini ikiwa nyeusi

Karibu kila mara hili hutokea kwa wenye kadi za Nvidia, na kadi haijaharibika. Linux imejaribu kuiendesha kwa draiva yake ya wazi, hawakuelewana. Zima kwa kushikilia kitufe cha umeme, washa tena, na safari hii chagua mstari wenye maneno "compatibility mode". Picha inaweza kuwa kubwa na nzito kidogo, lakini utaona. Draiva kamili huwekwa baada ya kusakinisha.

Kama mstari huo haupo, simama juu ya mstari wa kwanza, bonyeza herufi `e`, tafuta maneno `quiet splash`, andika `nomodeset` mbele yake ukiacha nafasi moja, kisha F10.

### Ikiganda na maandishi

Ukiona "SQUASHFS error" ikijirudia, Linux inashindwa kusoma flashi. Badilisha tundu kwanza, kisha flashi. Ukiishia kwenye neno `(initramfs)`, tiba ni hiyohiyo: hamia tundu la USB 2.0 la nyuma.

Kama inaganda mahali tofauti kila mara, shuku RAM. Ingia BIOS uzime XMP, au EXPO kwa AMD, yaani mpangilio wa kuikimbiza RAM, ili RAM irudi kwenye kasi yake ya kawaida. Vipande viwili vya RAM vya kampuni tofauti vilivyonunuliwa siku tofauti vinaweza kuivumilia Windows miezi mingi kisha vikafichuka hapa. Ikitulia baada ya kuzima XMP, umegundua kasoro ya kompyuta yako.

Ukiona eneokazi lenye ikoni ya "Install Linux Mint", umefika. Usiibofye.

## Hatua ya 7: Jaribu kweli, kwa saa mbili

Unachokiona sasa kinaishi ndani ya RAM. Ukizima, kila ulichokifanya kinapotea na Windows inabaki kama ilivyokuwa. Kwa hiyo uko huru kubofya popote isipokuwa ikoni ile na diski ya Windows yenyewe, maana faili utakalolifuta humo hufutika kweli.

Fungua terminali kwa Ctrl+Alt+T, andika:

`inxi -Fxz`

Orodha nzima ya kompyuta yako itatokea. Tafuta sehemu ya "Graphics" na "Network". Penye neno "driver:" pawe na jina. Pakiwa na "N/A", kifaa hicho hakijapata draiva, na hicho ndicho kitakusumbua baadaye.

`free -h`

Linganisha RAM na karatasi yako ya hatua ya 1. Uliweka GB 16 na inaonyesha 7 na kitu? Kipande kimoja hakijakaa sawa. Zima, chomoa umeme, kitoe, ukirudishe mpaka vibano vilie.

Intaneti. Kama Wi-Fi inaonekana chini kulia, ingia. Kadi za Intel hazisumbui. Vidude vidogo vya Wi-Fi vya USB ndivyo vyenye mambo. Baadhi ya vile vya Realtek hujitambulisha kwanza kama CD yenye draiva za Windows. Andika `lsusb`. Ukiona `0bda:1a2b`, kifaa bado kimejifanya CD. Nenda kwenye eneokazi, bofya ikoni ya hiyo CD kwa kitufe cha kulia, chagua kuitoa. Subiri sekunde chache, mara nyingi Wi-Fi huibuka.

Ikishindikana, chomeka simu kwa waya, fungua mipangilio ya mtandao ya simu, washa kushiriki intaneti kwa USB. Linux inaipokea kama waya wa kawaida wa mtandao, bila draiva ya ziada. Ni njia ya uhakika, iwe laini yako ni ya MTN au Airtel.

Tahadhari ya bando: Mint ikikuonyesha masasisho yanayongoja, usiyakubali sasa. Yatamaliza data yako, yatajaza RAM, kisha yatafutika ukizima.

Vingine vya kujaribu. Cheza video ya YouTube huku umevaa spika za masikioni, ukizichomeka mbele kisha nyuma ya kasha. Chomeka printa. Chomeka flashi nyingine kwenye kila tundu. Fungua LibreOffice na faili moja la kazi yako halisi, barua au jedwali, uone mistari inakaaje. Ilaze kompyuta usingizi kisha iamshe. Kompyuta za kujiundia mara nyingi hukataa kuamka kwa sababu ya BIOS, na ni bora ulijue hilo sasa.

Kama kuna programu ya Windows unayoitegemea kwa riziki, mfano ya hesabu za duka, jiulize leo utaifanyia nini. Nyingi hazina toleo la Linux. Kuwa na mifumo miwili ni jibu zuri, na hatua ya 9 inakupa hilo.

Usipime kasi hapa. Flashi ni polepole mara nyingi kuliko SSD, kwa hiyo kivinjari kuchelewa kufunguka hakukuambii kitu.

## Hatua ya 8: Rudi Windows

Zima kutoka kwenye menyu, chomoa flashi ukiambiwa, bonyeza Enter. Windows itawaka kama kawaida.

Ila saa. Ni saa nane mchana, na Windows inakuambia ni saa tano asubuhi. Hakuna kilichoharibika. Linux huweka saa ya ubao mama kwa majira ya Greenwich, Windows huisoma kama majira ya hapa, na sisi Uganda tuko saa tatu mbele. Fungua mipangilio ya saa ya Windows, bofya "Sync now", imekwisha.

## Hatua ya 9: Ukiipenda, ipe diski yake

Usigawanye diski ya Windows. Inawezekana, na watu hufanya, lakini ndiko data za wengi zilikopotelea. Wewe una kasha linalofunguka na pawasaplai yenye plagi za akiba. SSD ndogo ya pili inaondoa hatari yote.

1. Zima kompyuta, zima swichi ya ukutani, chomoa waya wa umeme. Bonyeza kitufe cha kuwasha kwa sekunde 10 ili umeme uliobaki uishe.
2. Fungua ubavu wa kasha. Gusa chuma kitupu cha kasha kabla ya kugusa kingine.
3. Chomoa diski ya Windows. Kama ni ya SATA, toa waya mwembamba wa data kwenye ubao mama na ukumbuke tundu lake. Kama ni M.2, fungua skrubu yake moja, itainuka yenyewe, ivute taratibu na uiweke kwenye bahasha kavu.
4. Unganisha SSD mpya: waya wa data kwenye ubao mama, waya mpana wa umeme kutoka pawasaplai.
5. Washa kutoka kwenye flashi kama hatua ya 6. Fungua terminali, andika `lsblk`. Ukipuuza mistari ya `loop`, unapaswa kuona SSD mpya na flashi tu. Ukiona diski ya tatu, simama. Zima uirudie hatua ndogo ya 3.

Sasa bofya "Install Linux Mint". Weka alama penye kodeki za video kama una intaneti. Ukiulizwa aina ya usakinishaji chagua "Erase disk and install Linux Mint". Maneno hayo yanatisha, lakini diski pekee iliyopo ni tupu, na Windows yako iko mezani. Kwenye ramani ya majira chagua Kampala. Kabla ya kuandika nenosiri, hakikisha mpangilio wa kibodi ni wako: kibodi za mkono wa pili kutoka Ujerumani zina Z mahali pa Y, na nenosiri utakaloandika leo kwa mpangilio mmoja litakataliwa kesho kwa mwingine.

Kwenye SSD kazi hii huchukua kama dakika 15 hadi 25. Ikimaliza, ondoa flashi, washa upya, na ukiona skrini ya kuingia, zima tena. Chomoa umeme, rudisha diski ya Windows mahali pake.

Kuanzia hapo kila diski ina kiwashio chake na haitegemei nyingine. Unachagua kwa kitufe kilekile cha F8, F11 au F12, na ndani ya BIOS unapanga ipi iwe ya kwanza.

Siku hiyohiyo ndani ya Linux, fanya mambo matatu. Fungua "Driver Manager" uweke draiva ya Nvidia inayopendekezwa, kama kadi yako ni hiyo. Fungua "Timeshift" uruhusu nakala za mfumo, ili sasisho likikuharibia urudi jana yake. Na kumaliza ugomvi wa saa na Windows moja kwa moja, andika:

`timedatectl set-local-rtc 1 --adjust-system-clock`

Ukiona baada ya mwezi kwamba Linux haikufai, ingia BIOS, rudisha Windows iwe ya kwanza, zima, fungua kasha, chomoa SSD ile. Windows haina mabaki yoyote ya kusafisha, na SSD unaweza kuifomati ukaitumia kuhifadhia faili.